Dada Yake Nyuzi

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina hilo lilikuwa limemkaa kama kola iliyotiwa wanga. Alikuwa dobi. Kibanda chake kilikuwa na dirisha la kupokelea nguo, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, na pasi mbili, moja ya umeme, nyingine ya mkaa kwa siku ambazo umeme umejiendea zake. Mashati ya makarani, majoho ya wanakwaya, magauni ya maharusi, yote yalipita mikononi mwake. Ukimpelekea suruali yenye doa la ajabu, alilitazama lile doa, akakutazama na wewe, kisha akasema, "Hadithi yake siiulizi. Ila suruali itabidi ilowe mpaka kesho kutwa." Hakuwa mtu wa kuchungulia mambo ya watu, na yake mwenyewe aliyafungia ndani.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo asingeweza kulificha hata angetaka. Mdogo wake wa kiume alikuwa Nyuzi.

Ndiyo, Nyuzi yule mtunzi. Jina lile alilipata utotoni, alipotengeneza gitaa la kopo la mafuta kwa nyuzi alizozichomoa kwenye breki za baiskeli ya jirani. Jirani nusura avunjike shingo, Nyuzi akachapwa, gitaa likavunjwa, jina likabaki. Miaka ilivyokwenda nyimbo zake zikawa za kila mtu. Watu walipiga mswaki asubuhi wakizisikiliza redioni, wakalimia nazo, wakazikia nazo wapendwa wao. Lakini katika zote, uliowashinda wenzake ulikuwa "Sogea Nikufunike." Harusi isiyopigwa wimbo ule ilikuwa kama harusi isiyo na bibi harusi. Hata wasiojua kuimba walijua kiitikio chake:

*Sogea nikufunike, shuka hili latutosha,*
*Pumua nikusikie, usiku utatuvusha.*

Vijana waliwanong'oneza wachumba wao maneno hayo. Wazee waliokaa kwenye ndoa hadi wakachokana walishikana mikono wakiyasikia. Mama Pasi yeye, redio ikiupiga, aliendelea kunyoosha mikono ya mashati. Hakuna aliyewahi kumwona akitikisika.

Na maneno yale yalikuwa yake. Tena hakuyatunga. Aliyasema.

Wakati ule alikuwa msichana ambaye hajaolewa, akiishi na mama yao na Nyuzi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Alikuwa na mtoto wa kike, bado wa kunyonya. Baba wa mtoto alipoambiwa habari za mimba alisema anatoka mara moja kununua sigara, na mpaka leo hajarudi na hiyo sigara. Mtoto akashikwa na kifua. Hospitali wakampa dawa, wakasema mkamfunike vizuri, msimwache apigwe na baridi. Usiku wa mwisho wa mtoto, yule msichana alimkumbatia ndani ya shuka moja, akawa anamwambia taratibu, tena na tena, sogea nikufunike mwanangu, pumua nikusikie. Nyuzi alikuwa upande wa pili wa pazia, macho makavu, anasikia kila neno. Kulipokucha mtoto hakuwa tena anapumua.

Mama yao alikuwa mtu wa maneno machache. Baada ya mazishi alimwambia binti yake, "Hili limekwisha. Usije ukalibeba ukaingia nalo kwenye nyumba ya mwanamume." Wakahama mtaa. Huko walikohamia hakuna aliyejua kwamba msichana yule mwenye kupiga pasi alikuwa ameshazaa na kuzika.

Miezi ikapita, Nyuzi akaja na wimbo mpya. Aliupigia uani, dada yake akiwa anasuuza nguo. Lilipofika neno "pumua nikusikie," beseni lilimtoka mikononi, maji yakamwagika hadi mlangoni. Alimrukia ndugu yake akamkaba shingo.

"Umeniibia mwanangu!"

Nyuzi hakujitetea. Alipiga magoti kwenye maji yale ya sabuni.

"Dada, nisikilize kwanza. Nilijaribu kuyatoa kichwani, hayatoki. Watu watadhani ni wimbo wa mapenzi, nami nitawaacha wadhani hivyo mpaka naingia kaburini. Haya maneno yana wenyewe wawili tu, mimi na wewe. Nakuapia kwa huyo huyo mtoto."

Kwa kiapo hicho alimwachia. Naye Nyuzi akatimiza. Kila mtangazaji alipomuuliza wimbo ule alimtungia nani, alicheka akasema, "Muulize mkeo." Taratibu dada yake akaizoea hali ile, kisha akaipenda. Kila maharusi walipoucheza wimbo ule, yeye aliona kama mwanawe anabebwa, anapokelewa mkono kwa mkono na watu wasiojua wamembeba nani. Na kwa kuwa hawakujua, hakuna aliyeweza kumdondosha.

Akaja akaolewa na seremala, mtu mpole, mzito wa maneno, mwenye tabia ya kupiga hodi hata kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Harusini waalikwa walipiga kelele, "Nyuzi! Nyuzi! Sogea!" Nyuzi alimtazama dada yake. Dada yake akatikisa kichwa kukubali. Wakaucheza, yeye na seremala wake, shavu kwa shavu, na bwana harusi akadhani machozi yale ni ya furaha. Wakajaliwa binti mmoja, ambaye siku hizi ni muuguzi.

Uzeeni Nyuzi aliugua ini. Hakuwa na mke wala mtoto, maana gitaa halikumwachia nafasi, basi dada yake akamchukua nyumbani akamlaza chumba cha uani. Alimwogesha, akamlisha, akamfulia mashuka ambayo hakuna mwingine ambaye angekubali kuyagusa. Katika siku zile ndipo alipokuja mara ya kwanza yule mtengeneza filamu, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa na sauti ya chini. Alisema anataka kumrekodi mzee kabla hajatutoka. Mama Pasi aliona ni heshima. Alimnyooshea mgonjwa shati jeupe, akamwegemeza kwenye mito, akawaachia chumba. Yeye akaenda bombani kufua.

Nyuzi akafa. Akazikwa na umati.

Yule mwanamke alirudi baada ya mwaka. Sasa alitaka filamu kamili: maisha ya Nyuzi, na wasanii wa leo wakiziimba upya nyimbo zake jukwaani kwa kumuenzi. Alikuwa akija kibandani karibu kila siku, wakati mwingine na kamera, wakati mwingine mikono mitupu. Alimwita Shangazi. Alijifunza kukunja mashuka, wawili wameshika pembe, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Mama Pasi, ambaye hakumzoea mtu kirahisi, alijikuta anamwekea chai kwenye chupa.

Siku moja, wakiwa wameshika shuka hivyo, yule kijana aliuliza bila kumtazama, "Shangazi, na ule wimbo wa 'Sogea'? Mzee alimtungia nani?"

"Aliwatungia wanaopendana."

"Hakuna kingine?"

"Kingine kipi?"

Yule kijana akalitazama shuka. "Sawa, Shangazi," akasema, na wakakutana katikati.

Maonyesho ya kumuenzi yaliporekodiwa, nguo za waimbaji zote zilipigwa pasi na Mama Pasi. Alitaka mwenyewe. Alikaa nyuma ya jukwaa na pasi yake, akasikia mpiga tarumbeta wa zamani akiupiga wimbo wa kwanza wa Nyuzi hadi pumzi ikamwishia, akasikia kwaya ya watoto wakikosea maneno na kucheka. Ila siku ya kurekodiwa "Sogea Nikufunike" aliambiwa apumzike nyumbani, gauni la mwimbaji lingeshughulikiwa. Akaona wamemhurumia miguu yake.

Filamu ilizinduliwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa, waliokosa viti wakaegemea kuta. Mama Pasi alikaa mstari wa mbele, mume wake upande mmoja akiwa na koti lililonyooka mpaka kwenye mifuko, binti yake upande wa pili. Taa zikazimwa.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Ilipohadithiwa habari ya breki za baiskeli, ukumbi mzima uliangua kicheko, na seremala akampiga mkewe kikumbo cha furaha. Wakaja waimbaji mmoja baada ya mwingine. Mama Pasi alizitambua kola zake, akachekea moyoni.

Halafu kwenye kitambaa cha sinema akatokea Nyuzi mwenyewe, kitandani, amekonda, ndani ya lile shati jeupe. Nyuma ya sauti yake kulisikika kitu kingine: maji yakimwagwa, nguo ikipigwa kwenye jiwe, maji tena. Mama Pasi aliifahamu ile sauti kabla hajafahamu Nyuzi anasema nini. Alikuwa yeye. Alikuwa bombani, anamfulia mashuka.

"Ule wimbo si wa mapenzi," Nyuzi alikuwa anasema, taratibu, pumzi ikimkata. "Watu wamenisifu maisha yangu yote kwa maneno ambayo si yangu. Ni ya dada yangu. Huyo unayemsikia huko nje. Alizaa mtoto kabla hajaolewa. Mtoto akafa mikononi mwake, mimi niko nyuma ya pazia nasikia. Alikuwa anamwambia apumue." Huko nje nguo ikapigwa kwenye jiwe. "Mimi nilichoongeza ni gitaa tu. Sifa zote ni zake. Nataka watu wajue."

Picha ikabadilika. Jukwaa lenye mwanga hafifu, na msichana mwenye jina kubwa siku hizi, ameketi sakafuni, mbele yake kitanda kidogo cha mtoto. Kitupu. Akaanza kuuimba wimbo kama bembelezo, polepole, karibu kwa kunong'ona. Ukumbi mzima ukaanza kulia. Watu walilia kwa sauti, walilia kwa vitambaa, mzee mmoja nyuma akawa anapiga kwikwi.

Mama Pasi hakulia. Alihisi kama mtu amemvua nguo hadharani kisha akawaita watu waje waone jinsi alivyoumbwa vizuri.

"Mama," binti yake alimnong'oneza, "ni kweli?"

Mama Pasi aligeukia upande wa pili. Mume wake alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Filamu ilipokwisha taa ziliwaka, na yule mwanamke wa miwani akapanda jukwaani, macho mekundu. "Yuko nasi hapa," akasema kwenye kipaza sauti. "Mwenye maneno yake. Shangazi, tafadhali." Ukumbi ukasimama wote. Mikono ikamshika Mama Pasi mabegani, ikamsogeza, ikampandisha ngazi. Akakabidhiwa shada la maua na kipaza sauti. Aliutazama umati ule uliojaa mapenzi.

"Mimi sikuulizwa," akasema.

Wakapiga makofi. Wakadhani ni unyenyekevu. Kadiri alivyosimama kimya ndivyo walivyozidi kupiga, na mtu mmoja akapaza sauti, "Mama yetu!" Aliliweka shada sakafuni, akashuka, akapita katikati ya viti hadi nje.

Nyumbani seremala alivua koti, akalitundika, akaketi. Hakuwasha redio. Binti yao alikwenda jikoni akabaki huko, ingawa hakuwa anapika kitu.

"Tuliucheza harusini kwetu," seremala akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unalia. Mimi nikawaambia watu, mwoneni mke wangu anavyonipenda. Nimeisema hiyo miaka yote. Nimewasimulia hadi wateja wangu."

"Nilikuwa nakupenda pia."

"Sijasema hukunipenda, Mama Watoto." Alijisugua uso kwa viganja vyake vyenye magamba ya gundi. "Nasema nimekaa na mtu nusu. Nyuzi alijua. Mama yako alijua. Leo kinyozi wangu anajua. Mimi ndiye nimeambiwa pamoja na watu waliosimama ukutani."

Alitaka kumwambia habari za mama yake, za lile onyo, za jinsi kila mwaka uliopita ulivyofanya jambo lenyewe kuwa zito zaidi kulisema. Badala yake alinyanyuka akalinyoosha koti lililotundikwa. Usiku ule seremala alipiga hodi kwenye mlango wa chumba chao, kama kawaida yake, ila alipoingia alichukua mto akaenda kulala sebuleni.

Jumatatu yule mtengeneza filamu alikuja kibandani. Hakuingia kwa mlango wa pembeni alikozoea, alisimama dirishani kama mteja.

"Shangazi, uliondoka. Watu walikuwa wanataka kukushika mkono."

Mama Pasi aliendelea kupiga pasi. "Ulijua lini?"

"Tangu siku ile nilipomrekodi."

"Kwa hiyo wakati wote ule tunakunja mashuka, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Nilitamani iwe sauti yako."

"Nilipokwambia wimbo ni wa wanaopendana, hukusikia nimekuambia nini?"

Yule kijana akavua miwani. Bila miwani alionekana mdogo zaidi. "Shangazi, yeye ndiye aliyetaka. Alisema hawezi kufa nayo. Alitaka upate haki yako. Alinisihi nisikuambie mpaka filamu itoke, kwa sababu alijua ungekataa."

Pasi ikasimama.

"Alijua ningekataa."

"Ndiyo, lakini..."

"Hapana, ngoja. Alijua ningekataa, na wewe ukajua ningekataa. Mkakaa chumbani kwangu, kwenye shuka nililofua mimi, mkakubaliana kwamba kukataa kwangu si kitu."

"Tulitaka kukuheshimu."

"Heshima gani hiyo ya kunivizia nikiwa bombani?"

Harufu ya kitambaa kuungua ilipanda. Aliinyanyua pasi. Kwenye kifua cha shati la mteja palikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi kamili. Haikuwahi kumtokea tangu aanze kazi ile.

"Itoe ile sehemu," akasema.

"Siwezi, Shangazi. Imeshakwenda kwenye vituo, imeshapelekwa nje. Watu wananiandikia. Kuna wanawake wanasema kwa mara ya kwanza wamewalilia watoto wao waliofariki."

"Basi wao wamepata chao. Mimi nimepoteza changu. Nenda, mwanangu, nina kazi." Na kwa sababu neno "mwanangu" lilikuwa limemtoka kwa mazoea, aliyarudia maneno yake bila hilo: "Nenda. Nina kazi."

Hakuja tena, ingawa alituma salamu mara kadhaa kupitia binti yao.

Filamu ilienea. Wateja walioleta nguo sasa waliinamisha vichwa dirishani wakasema pole, pole ya jambo alilomaliza kulilia kabla wao hawajazaliwa. Wengine walitaka kupiga naye picha. Bibi harusi mmoja alileta gauni lake, kisha akamuuliza kwa haya kama si vibaya kuucheza wimbo ule, sasa kwa kuwa watu wanajua. Mama Pasi alilipokea gauni, akamtajia siku ya kulichukua. Harusi nyingi ziliuacha. Ukahamia misibani, ukaimbwa polepole kama alivyouimba yule msichana sakafuni, na kila alipousikia ukipita hivyo barabarani alifunga dirisha. Mwanawe hakubebwa tena na watu wanaocheza. Alikuwa amezikwa mara ya pili, safari hii mbele ya watu wote.

Ilipofika siku ya kumkumbuka Nyuzi, binti yao alimfuata kibandani akiwa amevaa tayari.

"Mama, twende hata dakika chache. Ni mjomba. Alikosea, lakini alikosea kwa kukupenda."

"Najua alinipenda. Nenda umsalimie, mwambie mimi nafua."

Binti alikwenda peke yake.

Jioni ile seremala alirudi kutoka karakanani, akapiga hodi kwenye kibanda cha mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nyingi. Aliketi kwenye kigoda kati ya marundo ya nguo chafu. Aliokota vumbi la mbao kwenye suruali yake na kuliweka kiganjani ili asilichafue shuka la mtu.

"Nimekaa nimefikiri," akasema. "Nimekukasirikia, na bado. Lakini kuna kitu nimegundua sikukuuliza. Watu wote wamekuuliza habari za wimbo. Huyo mtoto, alikuwa anafanana na nani?"

Mama Pasi alizima pasi. Tangu mazishi yale hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, hata mama yake, hata Nyuzi.

"Paji la uso langu," akasema. "Masikio sijui aliyatoa wapi, makubwa kweli." Alikunja kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunjua, akakikunja tena. "Akicheka, alikuwa Nyuzi mtupu."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukumbini, alilia, mbele ya mume wake, na hakujua analia kwa ajili ya yupi kati ya wawili wale. Seremala alisimama, akamwaga vumbi lake dirishani, akamvutia kigoda.